Jinsi ya Kuchagua Volti za Kapasita kwenye Amplifaya na Vyombo vya Sauti

Ubavuni mwa kapasita huwa kuna namba mbili kubwa. Ya mikrofaradi, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji, kila fundi huitazama kwanza, maana ndiyo inayoamua kama amplifaya itavuma, kama besi itapita, kama twita (spika ndogo ya sauti za juu) italindwa. Ya volti mara nyingi hutazamwa juu juu tu: mchoro unasema 48, mkononi ipo ya 50, basi inafungwa. Mwongozo huu unahusu namba hiyo ya pili, na hoja yake ni moja. Usichague volti kwa kuangalia hali ya kawaida ya mashine. Uliza ni volti ngapi kubwa kabisa ambazo kapasita hiyo inaweza kuziona, hata kwa sekunde chache tu, kisha acha nafasi juu yake.

Jibu halifanani kwa mashine nzima. Kapasita ya kuchuja umeme, ya kupitisha sauti, ya krosova (saketi inayogawa sauti kati ya spika za besi na twita), na ile inayokaa kwenye umeme wa ukutani, kila moja ina saa yake mbaya. Ndiyo maana tutazipitia moja moja, na tutakaa zaidi kwenye zile zinazoua mashine.

Kabla ya kugusa chochote: toa chaji

Kapasita ya mikrofaradi 10,000 iliyojaa volti 50 imehifadhi jouli 12.5. Hizo zinatosha kuyeyusha ncha ya bisibisi na kuchoma jicho kwa cheche. Zima mashine, chomoa plagi, kisha unganisha rezista ya omu 470, ya wati 5 au 10, kati ya miguu miwili ya kapasita kwa nusu dakika. Pima kwa mita. Usiamini muda, amini mita.

Kwa amplifaya za valvu, yaani zile za taa za kioo, ambako volti huwa mia kadhaa, tumia rezista ya kilo-omu 10 ya wati 10 yenye nyaya zilizofunikwa vizuri, na mkono mmoja ukae mbali na chasisi. Tena kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: kapasita iliyokwisha kutolewa chaji, ikiachwa wazi, hujirudishia yenyewe sehemu ya volti zake. Kwenye kapasita kubwa za volti za juu kiasi hicho kinaweza kukurusha. Acha waya umeunganisha miguu yake muda wote unapofanya kazi, na uutoe kabla ya kuwasha.

Hatua ya 1: Jua kapasita inafanya kazi gani

Fuata njia za bodi mpaka ujue miguu yote miwili inaelekea wapi. Mguu mmoja ukiwa kwenye reli ya umeme (njia ya DC, umeme usiogeuka mwelekeo, inayolisha saketi) na mwingine kwenye grandi (njia ya volti sifuri), hiyo ni ya kuchuja. Ikiwa imekaa katikati ya hatua moja ya sauti na nyingine, ni ya kupitisha. Ukiona moja imeungana na waya wa umeme wa ukutani kabla ya transfoma, simama, usiiguse mpaka usome Hatua ya 7.

Kama unabadilisha iliyokufa, usidhani kwamba volti zilizoandikwa juu yake zilikuwa sahihi. Huenda fundi aliyetangulia aliweka alichokuwa nacho. Na hata mtengenezaji wa kwanza mara nyingine alibana kupita kiasi ili kupunguza gharama. Piga hesabu mwenyewe.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya reli ya umeme

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, kwa hiyo twende taratibu.

Volti zilizoandikwa kwenye transfoma ni za AC (umeme unaogeuka mwelekeo), tena ni za RMS (kiwango cha wimbi kinacholingana na DC, si kilele chake), na zimepimwa transfoma ikiwa imebeba mzigo wake wote. Kapasita iliyo baada ya dayodi haikai kwenye RMS. Inajaa hadi kilele cha wimbi, ambacho ni RMS mara 1.414, ukitoa kiasi kidogo kinacholiwa na dayodi.

Chukua amplifaya yenye transfoma ya 35-0-35, yaani volti 35 kila upande kutoka waya wa katikati. Ukizidisha 35 kwa 1.414 unapata 49.5. Toa takriban volti moja ya dayodi, inabaki 48.5. Hesabu hii ndiyo inayomfanya mtu achukue kapasita ya volti 50 na kuridhika.

Sasa tazama inavyokuwa kweli. Transfoma ikiwa haina mzigo, volti zake hupanda. Kwa toroidi (transfoma ya umbo la pete) ya ukubwa wa wastani chukua asilimia 8. Kwa ndogo inaweza kuwa zaidi. Basi 35 inakuwa 37.8. Mara 1.414 ni 53.5, toa 0.7 ya dayodi inabaki karibu 52.8. Na amplifaya ya kundi AB, aina inayovuta mkondo mwingi pale tu sauti inapopanda, muziki ukiwa umenyamaza au unacheza kwa sauti ya chini, inakaribia sana hali hiyo ya kutokuwa na mzigo. Maana yake ile kapasita ya volti 50 inapita kiwango chake wakati mashine imetulia, jambo ambalo ndilo linalojaza muda mwingi wa maisha yake.

Hatujamaliza. Umeme wa ukutani nao hucheza. Mfumo wa volti 230 unaruhusiwa kupanda kwa asilimia 10, yaani hadi 253. Zidisha 37.8 kwa 1.1 unapata 41.6, mara 1.414 ni 58.8, toa dayodi inabaki 58. Hiyo 58 ndiyo namba ya kuchagulia. Kapasita ya volti 63 inaimudu. Ya volti 80 inaimudu kwa raha, na kama nafasi ipo kwenye chasisi, mimi ningechukua ya 80 kwa mashine inayowashwa kutwa nzima.

Kwa hiyo fomula ya kuweka mfukoni ni hii: volti za transfoma, mara 1.08 ya kukosa mzigo, mara 1.1 ya umeme kupanda, mara 1.414 ya kilele. Ukizidisha zote tatu unapata karibu 1.68. Transfoma ya volti 12 inakupa 20, hivyo kapasita ya 25. Ya volti 18 inakupa 30, hivyo 35, au 50 ukitaka nafasi. Ya volti 25 inakupa 42, hivyo 50 inafaa na 63 ni bora zaidi. Ya volti 50 inakupa 84, hivyo 100. Kwa transfoma ndogo sana ongeza, kwa sababu za wati chache zinaweza kupanda asilimia 20 au zaidi zisipobebeshwa kitu.

Ukiwa na mashine yenyewe mezani, pima badala ya kukisia. Ondoa mzigo, yaani spika zisiwepo na sauti iwe sifuri, pima reli zote mbili, kisha pima umeme wa ukutani wakati huohuo. Ukuta ukisoma 225 na reli ikisoma 52, basi ukuta ukifika 253 reli itafika 52 mara 253 gawanya kwa 225, sawa na 58.5. Kipimo hiki kina thamani kuliko mchoro wowote.

Amplifaya za valvu

Kanuni ni ileile, ila kuna mtego wa ziada. Valvu za kutoa sauti hazivuti mkondo mpaka zipate moto. Kama umeme unanyooshwa na dayodi za silikoni, kapasita zinajaa papo hapo hadi kilele huku valvu bado baridi, na hakuna kinachozivuta zishuke. Valvu ya kunyooshea umeme inayopata moto haraka, kama 5U4, inaleta hali hiyohiyo. GZ34 hupata moto polepole, hivyo hupunguza tatizo, lakini usiitegemee: siku itakapotolewa na kuwekwa dayodi, kapasita ulizochagua ndizo zitakazolipa.

Transfoma ya 325-0-325 inafika kilele cha volti 460 umeme ukiwa wa kawaida, na 506 ukuta ukipanda asilimia 10, hata kabla hujahesabu kupanda kwa kukosa mzigo. Kapasita ya volti 450 haifai hapa, ingawa mashine ikishapata moto reli inaweza kuonekana imetulia kwenye 400 tu. Njia ya kawaida ni kufunga mbili kwa mfululizo. Mbili za mikrofaradi 100 za volti 350 zinafanya kazi kama moja ya mikrofaradi 50 ya volti 700.

Zikifungwa hivyo lazima kila moja iwe na rezista sambamba nayo, kwa mfano kilo-omu 220, ili zigawane volti sawasawa. Kapasita za elektroliti, zile za kopo zenye maji ya kemikali ndani, hazifanani kamwe katika kuvuja, na bila rezista hizo moja itabeba zaidi ya nusu mpaka ife, kisha ya pili ipokee zote. Tumia rezista ya wati 1 au 2. Joto si sababu pekee: rezista nazo zina kikomo chao cha volti, na zile ndogo za robo wati kwa kawaida huishia 250 hivi.

Hatua ya 3: Chagua kiwango, na ujue kuzidisha kunaleta nini

Viwango unavyokutana navyo kwenye elektroliti ni 6.3, 10, 16, 25, 35, 50, 63, 80, 100, 160, 200, 250, 350, 400 na 450. Ukishapata namba yako ya saa mbaya, panda hadi kiwango kinachofuata. Kikikaribiana mno na namba yako, panda kingine.

Datashiti nyingi hutaja pia volti za mshtuko. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60384-4, kapasita ya hadi volti 315 huvumilia mara 1.15 ya volti zake, na ya juu ya hapo mara 1.10, kwa muda mfupi tu. Huo ni uvumilivu wa ajali. Usiuhesabu kama nafasi yako.

Je, ukiweka ya volti 63 mahali pa volti 12, kuna ubaya? Hakuna. Yapo maneno ya zamani kwamba elektroliti lazima ipewe volti zinazokaribia kiwango chake, la sivyo utando wake wa oksidi unajibomoa. Utando huo hutengenezwa kiwandani kwa volti za juu kuliko zilizoandikwa, na kapasita za leo hazibadiliki kuwa za volti ndogo eti kwa sababu zinafanya kazi kwenye volti ndogo. Zinazodhoofika ni zile zilizokaa miaka mingi bila umeme kabisa. Hizo hupandishiwa volti pole pole kupitia rezista kabla ya kuaminiwa, na kama umri wake haujulikani ni bora kununua mpya.

Faida ya kuzidisha ipo kwa kiasi. Kwenye familia moja ya kapasita, upotevu hupungua kadiri volti zinavyopanda: tan delta (kipimo cha upotevu huo) ya 0.16 kwenye volti 16 huwa karibu 0.14 kwenye 25, 0.12 kwenye 35 na 0.10 kwenye 50. Kopo nalo huwa kubwa zaidi, hivyo hupoza joto vizuri na kubeba mkondo mkubwa wa mawimbi. Lakini ukubwa huohuo ndio gharama yake. Miguu huachana zaidi, kimo huongezeka, na kapasita ya mikrofaradi 10,000 ya volti 100 inaweza kukataa kabisa kuingia mahali ilipokaa ya 63. Mtu akianza kupunguza mikrofaradi ili apate volti asizozihitaji, ameshapoteza. Reli ya volti 35 inahitaji mikrofaradi za kutosha na kapasita ya 50. Ya 100 haitaiongezea sauti chochote.

Nisisitize hapo, kwa kuwa watu huuziana maneno: volti za kapasita si kitasa cha ladha ya sauti. Tofauti inayosikika inatokana na mikrofaradi, aina ya kapasita, na upotevu wake.

Volti zikishakuwa ndani ya nafasi, joto ndilo linaloamua umri. Elektroliti iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 huongeza maisha yake mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazopungua. Kwa nyuzi 65 unatarajia saa 32,000 hivi. Ya nyuzi 85 inaanza hesabu hiyo ikiwa nyuma kwa hatua mbili. Kwa hiyo pesa ya ziada iweke kwenye nyuzi 105 kabla ya kuiweka kwenye volti, na usiegemeze kapasita kwenye hitsinki (bamba la kupoza transista).

Hatua ya 4: Kapasita zinazopitisha sauti

Hapa volti za kawaida huwa ndogo sana, ndiyo maana watu hulegea. Kati ya opampu (chipu za kukuza sauti) mbili zenye umeme wa volti 15 chanya na 15 hasi, kapasita inaona karibu sifuri ya DC na volti moja au mbili za sauti. Lakini opampu ikiharibika, pini yake ya kutokea inaweza kushikamana na reli na kutupa volti 15 kwenye kapasita. Weka ya 25. Pale usipojua DC itaelekea upande gani, weka baipola, yaani isiyo na chanya wala hasi, au ya filamu (ya utando wa plastiki) kama mikrofaradi ni chache.

Sauti kuchafuka kwenye elektroliti hutokana na volti za AC zinazobaki ndani yake. Dawa yake ni mikrofaradi, si volti. Chukua ishara ya volti 2 inayoingia kwenye kilo-omu 10, masafa ya hezi 20. Kapasita ya mikrofaradi 10 inabakiwa na volti 0.16 kati ya miguu yake. Ya mikrofaradi 47 inabakiwa na 0.034 tu. Hiyo ya pili ni safi zaidi kwenye besi, hata kama zote mbili ni za volti 25.

Miksa na priampu za maikrofoni zina mahali pake maalumu. Umeme wa fantomu, ule unaolisha maikrofoni kupitia waya wake, ni volti 48, na kanuni inaruhusu ucheze kwa 4 juu au chini, yaani hadi 52. Kapasita mbili za kwenye ingizo ndizo zinazouzuia usiingie kwenye saketi ya sauti, hivyo ya volti 50 haitoshi. Weka za 63. Upande wa chanya uelekee kwenye maikrofoni, na uhakikishe dayodi za kulinda ingizo zipo na ni nzima, maana waya wa maikrofoni ukipiga shoti wakati fantomu imewashwa, kapasita hizo humwaga chaji yake yote kuelekea ndani kwa kishindo.

Kwenye valvu, kapasita ya kupitisha sauti inakaa kati ya anodi (mguu wa kutolea sauti) ya hatua moja na gridi (mguu wa kupokelea) ya inayofuata. Mchoro utasema anodi ina volti 180. Valvu ikiwa baridi, au ikichomolewa, anodi hiyo inapanda hadi volti zote za reli. Chagua kwa reli, si kwa anodi: reli ya 400, kapasita ya filamu ya 630. Hapa kuvuja ni hatari kuliko kupasuka. Volti chache zikivuja hadi kwenye gridi ya valvu ya kutoa sauti, valvu hiyo inavuta mkondo kupita kiasi na inaweza kuondoka pamoja na transfoma ya kutolea. Sijui kapasita nyingine ndogo yenye kubeba dhamana kubwa kama hiyo, na ndiyo maana ya zamani ya karatasi sikuachii ibaki, hata kama mita inasema mikrofaradi zake bado zipo.

Kapasita ya kathodi kwenye priampu ya 12AX7 inaona volti moja hadi mbili. Ya 25 inatosha kabisa. Kwenye EL34 (valvu ya kutoa sauti) inayojipa baiasi, yaani volti ya kuituliza, kwa rezista ya kathodi, ambako kuna takriban volti 25 hadi 30, weka 63 au 100, kwa sababu valvu ikipiga shoti ndani kathodi hupanda ghafla.

Iko pia kapasita ya mrejesho kwenye amplifaya za transista, ile ya mikrofaradi 47 hadi 220 inayoshusha rezista ya mrejesho hadi grandi. Kwa kawaida inaona milivolti. Amplifaya ikifa na kutoa DC, volti za reli huisukuma kupitia rezista, na zinaweza kuja kwa upande wa kinyume. Tazama kama kuna dayodi mbili zilizogeukiana sambamba nayo. Kama zipo, ya volti 16 au 25 inafaa. Kama hazipo, weka baipola ya 50 au zaidi.

Mwisho, amplifaya za umeme mmoja, zenye kapasita kubwa kati ya bodi na spika. Umeme ukiwa 60, kapasita inakaa na 30. Transista ya juu ikipiga shoti, inaona 60 zote. Ya volti 35 hapa ni kosa, chukua 80. Ndiyo inayosimama kati ya transista iliyokufa na spika nzima.

Hatua ya 5: Krosova na spika

Kwenye krosova hakuna DC, ni AC tupu, hivyo elektroliti ya kawaida yenye chanya na hasi haina nafasi. Tumia baipola au filamu.

Wati 100 kwenye omu 8 ni volti 28.3 RMS, kilele 40. Wati 200 ni 40 RMS, kilele karibu 57. Amplifaya iliyofungwa kwa mtindo wa daraja inaweza kufika mara mbili ya reli moja: reli za 50 zinatoa kilele kinachokaribia 100. Zaidi ya hapo, koili ya twita ikikatika, kapasita na koili ya krosova hubaki bila mzigo, na kwenye masafa yao ya kupatana volti hupanda kupita zile zinazotoka kwenye amplifaya. Kwa spika ndogo ya nyumbani baipola ya 100 ni salama. Kwa spika za jukwaani weka filamu ya 250 kwenda juu.

Soma vizuri kilichoandikwa kwenye filamu. Volti za DC na za AC si kitu kimoja. Ya 250 za DC mara nyingi ni 160 za AC, na ya 400 za DC huwa 200 hadi 250 za AC, kisha AC hiyo hushuka kadiri masafa yanavyopanda. Kwenye mifumo ya spika za laini ya volti 100, zile za vipaza sauti vya majengo makubwa, kilele ni 141, hivyo baipola ya 100 haifai kabisa hata kama namba zinafanana.

Hatua ya 6: Seramiki na tantali

Seramiki za C0G, ziitwazo pia NP0, hazibadiliki kwa volti. Ziweke kwenye njia ya sauti bila wasiwasi. Za X7R, X5R na Y5V ni tofauti: ukiziwekea DC, mikrofaradi zake hupungua, na zile ndogo za kubandika juu ya bodi zinaweza kupoteza zaidi ya nusu zikikaribia volti zake. Tena hubadilika kwa kufuata ishara yenyewe, na hapo huchafua sauti. Ziachie kazi ya kuchuja umeme karibu na opampu, na uchukue zenye volti mara mbili au tatu ya reli: kwa reli ya 15, weka ya 50.

Tantali hufa kwa kupiga shoti, na inaweza kuwaka moto. Ikibidi kuitumia, iwe na volti mara mbili ya zile inazoziona. Kwenye redio na miksa za zamani mimi huzitoa na kuweka elektroliti ya mikrofaradi zilezile na volti zilezile au zaidi. Angalia mguu: kwenye alumini mstari unaonyesha hasi, kwenye tantali alama inaonyesha chanya. Kuzichanganya kunalipua kapasita mpya papo hapo.

Hatua ya 7: Umeme wa ukutani

Kapasita inayokaa kati ya nyaya mbili za umeme wa ukutani lazima iwe ya kundi X, kwa kawaida X2, iliyoandikwa volti 275 au 310 za AC pamoja na alama za usalama. Inayokwenda kutoka waya wa umeme hadi chasisi lazima iwe ya kundi Y. Filamu ya kawaida ya 630 za DC inaonekana kubwa kuliko 275, lakini haikutengenezwa kuhimili mishtuko ya kilovolti inayopita kwenye nyaya hizo, wala kufa bila kuwaka. Y ikipiga shoti, chasisi yote inashika umeme, na anayeishika ni mtu. Hapa hakuna mbadala, na kama huna sahihi, mashine isubiri.

Kusoma alama zilizofupishwa

Kapasita ndogo haziandiki volti waziwazi. 1C ni 16, 1E ni 25, 1V ni 35, 1H ni 50, 1J ni 63, 1K ni 80, 2A ni 100, 2E ni 250, 2G ni 400, 2W ni 450, 2J ni 630. Kwa hiyo 2A104J ni ya volti 100, mikrofaradi 0.1, yenye kosa la asilimia 5.

Kufunga na kuwasha mara ya kwanza

Linganisha umbali wa miguu kabla ya kuchomelea; kuipanua kwa nguvu hupasua mpira wa chini, na maji ya ndani huanza kukauka siku hiyohiyo. Acha hewa juu ya kopo lenye alama za kukatwa, maana hapo ndipo linapopumulia likizidiwa. Hakikisha chanya na hasi mara mbili, hasa kwenye reli ya hasi, ambako chanya ya kapasita huenda grandi.

Washa kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 iliyofungwa kwa mfululizo na waya wa umeme. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima, kuna shoti. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, toa balbu, washa bila spika, na pima volti kwenye miguu ya kila kapasita uliyobadilisha. Andika vipimo pamoja na volti za ukuta za wakati huo. Acha saa moja, pima tena, kisha zima, toa chaji na uguse makopo: yawe vuguvugu tu. Kipimo chochote ambacho, baada ya kukipandisha hadi ukuta wa 253, kinapita asilimia 95 ya volti zilizoandikwa, hiyo kapasita itoe na upande kiwango kimoja kabla ya kufunga kifuniko.